Je, wajua? Virusi vya rota na karata zao 11

Mtoto wa miezi minane akianza kuhara na kutapika huko Kilwa Kivinje, hukumu ya kwanza itakayotolewa barazani ni meno. Anaota meno, atatulia. Wengine huapa kuwa ni "meno ya plastiki", na wapo watoto waliochokonolewa fizi kwa imani hiyo. Meno yanasingiziwa. Huo ndio umri ambao kinga aliyopewa na mama inapungua, naye mtoto anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Virusi vya rota humkuta hapo.

Virusi hivi viligunduliwa kwa binadamu mwaka 1973 mjini Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto wanaoharisha. Chembe zisizofika 100 zaweza kumwangusha mtoto, ilhali gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa hubeba mabilioni. Ndiyo maana hata nchi zenye bomba kila nyumba hazikuvishinda kwa sabuni peke yake.

Ajabu yenyewe imo ndani. Vinasaba vya rota havikai kwenye uzi mmoja, bali katika vipande 11 vya RNA. Aina mbili zikikutana ndani ya seli moja ya utumbo, virusi vipya huundwa kwa vipande vya pande zote mbili, kama karata zilizochanganywa na kugawiwa upya. Aina mbili tu zaweza kutoa michanganyiko 2,048. Mingi haifiki mbali, lakini michache hushika mizizi.

Wataalamu huzipanga aina hizi kwa protini mbili za gamba la nje, G na P. Iliyoenea zaidi duniani kwa miaka mingi ilikuwa G1P[8]. Afrika ina za kwake: G8, yenye undugu na virusi vya ng'ombe, ilionekana sana Malawi, na P[6] hukutwa hapa barani kuliko kwingineko. Sababu moja imo katika miili yetu. Protini ya P hunata kwenye sukari zilizo juu ya ukuta wa utumbo, na sukari hizo hutofautiana kwa urithi, sawa na makundi ya damu. Mtoto asiye na sukari ipendwayo na P[8] anaweza kushikwa na P[6].

Sasa, chanjo ya Rotarix, ambayo watoto wa Tanzania walianza kudondoshewa mdomoni mwaka 2013, katika wiki ya 6 na ya 10, imetokana na kirusi kimoja tu cha G1P[8]. Inawezaje kukabili aina nyingine zote? Jibu lilitoka Mexico mwaka 1996: watoto 200 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na hakuna aliyeharisha vibaya kwa rota baada ya kuambukizwa mara mbili. Dozi mbili zinaiga maambukizi hayo mawili.

Katika majaribio yaliyochapishwa 2010, chanjo hiyo ilizuia asilimia 77 ya kuharisha kukali kwa rota Afrika Kusini, na 49 Malawi. Wapo wanaoiona 49 kama aibu. Mimi sioni hivyo: ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi Malawi, kwa hiyo kati ya kila watoto 100 waliochanjwa, waliookolewa na kuharisha huko walikuwa wengi kuliko Afrika Kusini.

Anayeugua licha ya chanjo hana haja ya kujua ni G ipi. Antibayotiki haziui virusi; kinachomaliza mtoto ni kupotea kwa maji na chumvi. Mzazi anayesubiri mashua Kilwa Kisiwani ili kumpeleka mtoto hospitali akoroge paketi ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kwa kipimo kilichoandikwa, katika maji safi na salama, amnyweshe kwa kijiko, na mtoto akitapika angoje dakika kumi, aanze tena taratibu. Kunyonya kusikatizwe. Vidonge vya zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa kigumu.