Ploti ni 50 kwa 100? Cheki usiwe umeuziwa trapeziamu

Umejinyima miaka mitatu ukiweka doh kwa sako, na hatimaye broka anakupeleka kuona ploti. Anatoa tepu. Mbele kwa barabara, futi 50. Ubavuni, futi 100. "Boss, si umejionea?" Unapiga selfi na bikoni, unalipa milioni moja.

Sasa rudi na tepu yako upime upande wa nyuma. Unaweza kupata futi 40. Na manze, broka hajadanganya kwa kipimo hata kimoja. Ni vile tu alichokuuzia si mstatili.

Trapeziamu ni umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni sambamba, yaani ukizirefusha mpaka Mombasa hazikutani. Hizo zingine mbili zinaweza kuinama vile zinataka. Kwa ploti yetu, mbele na nyuma ndizo sambamba. Jina ni la Kigiriki, maana yake meza ndogo. Wamarekani huiita trapezoidi, na kwao trapeziamu ni umbo lisilo na pande sambamba kabisa. Hiyo fujo ilitokana na kamusi ya hesabu ya Charles Hutton ya 1795, iliyogeuza hayo majina mawili. Waingereza walirudi kwa maana ya kitambo, na ndiyo tulifunzwa sisi. Kwa hivyo ukicheki mwalimu Mmarekani kwa YouTube, usishtuke.

Hesabu yenyewe: jumlisha pande sambamba, gawa kwa mbili, zidisha kwa kimo. Ulikariri bila kuambiwa kwa nini, si ndio? Kata karatasi mbili za trapeziamu zinazofanana, pindua moja kichwa chini, zibandike ubavu kwa ubavu. Utapata msambamba wenye kitako cha 50 jumlisha 40, yaani 90. Zidisha kwa 100, ni 9,000. Ploti yako ni nusu yake: futi mraba 4,500.

Wewe ulilipia 5,000, kila moja kwa shilingi 200. Hizo 500 hazipo, kwa hivyo laki moja imeenda hivyo tu.

Na usidhani ungeona kwa macho. Tuseme ubavu wa kushoto umenyooka kabisa kutoka barabarani, na wa kulia ndio umeinama. Huo wa kulia utakuwa kama futi 100.5. Nusu futi tu, buda! Unaweza kupima pande tatu na bado udhani mambo iko sawa. Pia ndio maana kimo hakipimwi kwa upande ulioinama. Kinapimwa kwa kukata moja kwa moja, pembe ya digrii 90.

Kama nyuma kuna kichaka au ua wa jirani, ingia futi 50 ndani, katikati ya ploti, upime upana sambamba na barabara. Mstatili utakupa 50. Hii yetu itakupa 45, kwa sababu upana wa katikati ya trapeziamu huwa ni wastani wa zile pande mbili. Zidisha kwa 100, umemaliza. Kama mbele na nyuma si sambamba, hiyo hesabu haishiki: gawanya ploti iwe pembetatu mbili upime kila moja.

Halafu hata ikiwa 50 kwa 100 safi, broka akisema ni moja ya nane ya ekari, mwambie hiyo ni futi mraba 5,445. Zake ni 5,000.