Sifa za Wataalamu wa Kupiga Picha kwa Dawa za Mionzi

Baadhi ya wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaopewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutakiwa kupigwa picha kwa njia ya tiba ya nyuklia. Kwa kuwa wengi huingiwa na khofu walisikiapo jina hilo, ni vyema ikaelezwa kazi hiyo na sifa za wanaoifanya.

Katika eksirei ya kawaida, mionzi hutoka kwenye mashine na kupita mwilini. Katika tiba ya nyuklia, mgonjwa hupigwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, na kamera ya gama huipokea mionzi inayotoka mwilini mwake. Picha hiyo huonyesha namna mafigo, mifupa au kiungo chengine kinavyofanya kazi.

Sifa ya kwanza ya mtaalamu ni uangalifu. Dawa itumikayo zaidi, teknisiamu-99m, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya saa 6. Dawa iliyopimwa saa 2:00 asubuhi hubaki nusu ifikapo saa 8:00 mchana. Mtaalamu hana budi kuipima, kuandika saa, na kulinganisha jina la mgonjwa na hati ya daktari. Akikosea jina, humpa mionzi asiyeihitaji, na sindano ikishaingia hairejeshwi.

Ya pili ni elimu ya kinga. Hufanya kazi kwa haraka isiyo papara, nyuma ya kizuizi cha risasi, na hukaa mbali inapowezekana, kwani umbali ukizidi mara mbili mionzi hupungua hadi robo. Huvaa kipimo kinachoonyesha kiasi cha mionzi alichopata.

Ya tatu ni upole na kutunza siri. Ni wajibu wake kumuuliza mwanamke iwapo ana mimba au ananyonyesha. Swali hilo likiulizwa mbele ya watu, jibu la kweli huenda lisipatikane, na atakayepata madhara ni mtoto. Kwa hiyo huulizwa faraghani, kwa heshima.

Ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, ni ukweli. Mionzi haionekani wala hainuki. Dawa ikimwagika, au sindano ikikosa mshipa, huenda asijue mwengine ila aliyeishika. Anayenyamaza huwahatarisha wenzake, na humwachia daktari picha isiyo sahihi. Kazi hii, basi, ni amana.

Wananchi nao wanaombwa kutimiza wajibu wao. Wanaosafiri kwa boti wafike Dar es Salaam mapema, kwani dawa haimsubiri mgonjwa. Waeleze ukweli kuhusu mimba, unyonyeshaji na dawa wanazotumia. Aidha, kabla ya kuondoka waulize kiasi cha maji ya kunywa, na iwapo wanapaswa kukaa mbali na watoto wadogo kwa muda.