MUZIKI MZURI HAUKO REDIONI PEKEE

Katika ukurasa huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo hutufanya tubishane kila wakati wa mapumziko: ati siku hizi hakuna muziki mpya wa maana. Mtu akipiga pasi shati asubuhi, redio inamchezea nyimbo tano. Akipanda matatu anakutana na zile zile tano. Jioni akirudi nyumbani jirani amezifungulia tena, na kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio. Kisha anatangaza mbele ya darasa zima kwamba muziki umekwisha duniani. Mimi nasema la hasha! Muziki upo tele, na mwingine uko karibu nasi mno, ila haumfuati mtu kitandani. Lazima uutafute.

Kwanza tuelewe kwa nini redio hurudia rudia. Redio kubwa aghalabu huishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye sabuni analipa ili asikike na watu wengi, basi mtangazaji huogopa kuweka wimbo usiojulikana, msikilizaji asije akahamia stesheni nyingine. Halafu kuna suala la muda. Wimbo wa redioni ni dakika tatu au nne. Sasa hebu chukua ohangla inayopigwa mbele ya watu. Inaweza kuchukua dakika kumi na zaidi, kwa sababu katikati kuna pakruok, yaani ile desturi ya Wajaluo ambapo mtu husimamisha muziki, akatoa pesa, akajisifu yeye na rafiki zake na kwao alikozaliwa, ndipo ngoma ziendelee. Utaikata wapi? Mahali popote utakapoikata umeiua.

Sina ugomvi na redio, msinielewe vibaya. Ramogi FM na Mayienga FM hupiga nyimbo nyingi za kwetu, na bila stesheni kama hizo wengi wetu hatungemjua Tony Nyadundo wala Prince Indah. Lakini huko nako wenye majina makubwa hutangulia, na kijana anayerekodi wimbo wake wa kwanza Manyatta au Nyalenda hukaa kwenye foleni mpaka achoke.

Tena jambo hili si geni. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtafiti kutoka Afrika Kusini, alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, ng'ambo ya pili ya milima tunayoiona kutoka huku kwetu. Waliimba juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika huko, zikasikika kwenye gramafoni, na watu wakamtia katika nyimbo zao wenyewe. Benga nayo ilisafiri vivyo hivyo. Katika miaka ya 1970 mtayarishaji Oluoch Kanindo alitoa santuri nyingi za wanamuziki wa Nyanza, nazo zikafika mpaka Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki huo wote kanindo, kwa jina lake. Santuri ilipita mikononi mwa watu, mkono hadi mkono.

Sasa tuutafuteje? Njia ninayoipenda mimi ni kufuata uzi. Ukipenda wimbo, usiishie kwa mwimbaji. Uliza nani alipiga gitaa la solo, bendi hiyo ilizaliwa na bendi gani, na ilirekodi wapi. Kwa mfano, karibu kila mtu hapa amesikia jina la D. O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyefariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka wa 2006. Ukianza na bendi yake ya Shirati Jazz, uzi utakupeleka kwa Victoria Jazz ya Ochieng' Nelly na Collela Mazee, kwa George Ramogi, kisha kwa Okatch Biggy na Heka Heka. Uzi mwingine utakutoa mpaka Kericho, kwa Chandarana, kampuni ya santuri iliyorekodi Wajaluo na Wakalenjin kwa wingi. Zamani ungehitaji mjomba mwenye sanduku la santuri. Siku hizi nyingi ziko YouTube, zimewekwa na wapenzi wa muziki ambao hata picha hawana, wameweka tu ile karatasi ya katikati ya santuri. Isomeni hiyo karatasi, imejaa majina!

Hapo kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Nyimbo nyingi za benga zilikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili wa santuri ndogo. Upande wa kwanza ndio wenye maneno mengi. Upande wa pili mwimbaji hunyamaza kidogo, besi inaanza kukimbia, na gitaa la solo linachukua usukani. Ukisikiliza upande wa kwanza peke yake umekula ugali ukaacha samaki. Na ukitaka kujua magitaa yale yalijifunza wapi kudonoa namna ile, sikiliza nyatiti. Ina nyuzi nane, na mpigaji hufunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ili agonge mbao za chombo chenyewe. Mtu mmoja, bendi nzima. Anza na Ayub Ogada, ambaye alifariki hapa Kisumu mwaka wa 2019. Kanda yake En Mana Kuoyo ilitolewa Uingereza mwaka wa 1993 na kampuni ya Real World, na wimbo wake Kothbiro ukatumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Kuna watu Ulaya wanaomjua kuliko sisi tunaovuka Kondele kila siku.

Kuhusu Kondele. Sisi wanafunzi wa kutwa huonewa huruma kwa sababu ya kutembea, lakini mkaa bure si sawa na mtembea bure. Vile vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi ni shule tosha. Yule kijana wa kibandani anajua ni wimbo gani umeombwa na madereva wa tuktuk wiki hii, muda mrefu kabla haujafika redioni. Mwulize tu, "Kaka, ni nini kipya ambacho hakijapigwa popote?" Atafurahi kweli kweli, kwa maana wengi humwambia tu amjazie flashi na kuondoka.

Hata hivyo, hapa pana mwiba. Pesa unazomlipa kibandani haziendi kwa mwanamuziki, hata senti. Najua mtasema sisi ni watoto wa shule, tutatoa wapi pesa? Mimi pia sina. Ninachofanya ni hiki: nikishapata jina kibandani, namtafuta msanii kwenye ukurasa wake mwenyewe, nasikiliza hapo ili ahesabiwe, na natuma jina lake kwa wenzangu. Walio na uwezo wanunue. Msanii wa Kisumu asiyepata chochote mwishowe huuza gitaa akanunua pikipiki ya bodaboda, nasi tunabaki na zile nyimbo tano.

Kuna muziki ambao hauko redioni, wala kibandani, wala YouTube. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akipiga orutu, ule mfano wa fidla wenye uzi mmoja. Alifariki mwaka jana. Alikuwa na nyimbo juu ya meli, juu ya magugu yaliyofunika ziwa, juu ya mabinti wa Seme na maringo yao. Hakuna aliyewahi kuzirekodi, ijapokuwa kila nyumba ilikuwa na simu yenye kinasa sauti. Nimewauliza wajukuu wake, wanakumbuka viitikio viwili.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaokwenda kurekodi mashinani. Ketebul Music, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, ilitoa mwaka wa 2008 kitabu na filamu kuhusu historia ya benga, na tangu mwaka wa 2011 wameshirikiana na Abubilla Music katika mradi wa Singing Wells, wakibeba mitambo yao mpaka vijijini Afrika Mashariki. Mtafuteni pia Ogoya Nengo wa Siaya, mama anayeimba dodo, ambaye kampuni ya Honest Jon's ya London ilitoa nyimbo zake. Sikilizeni Olith Ratego, aliyeichukua dodo akaitia gitaa. Na wasichana wanaoambiwa orutu ni ya wanaume, wamtazame Labdi Ommes akiipiga. Huko Siaya mwanamke kutoka Japani, anayejulikana kwa jina la Anyango, alijifunza nyatiti mpaka akaimudu. Kama Mjapani ameweza, seuze sisi!

Sehemu nyingine ya kusikilizia tunayoidharau ni tamasha la muziki la shule. Tamasha hilo limekuwepo tangu mwaka wa 1927. Tukienda huko sisi hushangilia shule yetu, kisha tunakimbilia mandazi nje. Safari ijayo bakini ndani wakati wa ala za kienyeji. Shule za kando ya ziwa, za Bondo, za Homa Bay, huleta wapigaji ambao hawajawahi kuona studio. (Usiende disko matanga ukisema umetumwa na mimi. Orutu hupigwa mchana matangani pia, mbele ya wazee, na hapo ndipo pa kusikiliza.)

Ukimkuta mpigaji na unataka kumrekodi, mwamkie kwanza, keti, msikilize wimbo mzima, ndipo uombe ruhusa. Mwulize jina la wimbo, ulitungwa lini na nani anasifiwa ndani yake. Weka simu kwenye kitambaa, si juu ya meza, maana meza hutetemeka na kuharibu sauti. Baadaye mrudishie nakala yake.

Nimeanzisha daftari la majina haya yote, nalo limefika ukurasa wa kumi na tisa. Nyumbani kwenu kama kuna kaseti kuukuu ndani ya sanduku, msiitupe hata kama ina ukungu. Kuna fundi mmoja karibu na soko la Kibuye ambaye mashine yake ya kaseti bado inazunguka, na amekubali kutunakilia bila malipo, mradi tumletee nyingi kwa mara moja. Nileteeni Ijumaa, kwenye mkutano wa chama, na muandike jina la mwenye kaseti kwa kalamu isiyofutika.