Ruta ya sloti: fedha nyingi hupotelea kwenye kadi

Shika kadi ya HWIC-2T kwa mkono mmoja na NIM-2T kwa mkono mwingine. Zote ni za Cisco, zote zina poti mbili za siriali, zote zimetengenezwa kwa kazi ileile ya kuunganisha ruta na laini ya kukodi. Ya kwanza huingia kwenye ruta ya 2911, ya pili kwenye 4331, wala haziwezi kubadilishana nafasi. Umbo si moja, kontakta ya nyuma si moja, na ukilazimisha utavunja pini. Taasisi yenye matawi kumi iliyonunua 4331 kumi kwa matumaini ya kuhamishia humo kadi zake za zamani italigundua kosa siku ya kufunga, fundi akiwa amepiga magoti mbele ya raki na ankara ikiwa imeshalipwa.

Ruta ya sloti huuzwa kwa hoja nzuri. Unanunua mwili leo, unaongeza viungo kadiri biashara inavyokua: poti za Etheneti mwaka huu, laini za simu mwaka kesho, 4G ya akiba baadaye. Hoja hiyo ndiyo iliyoijenga Cisco katika ofisi za kati tangu ilipotoa ruta za mfululizo wa 2600 mwaka 1998. Lakini sloti hazina kiwango kinachoshirikiwa na watengenezaji wote. Kadi ya Huawei haiingii kwenye Cisco, ya Cisco haiingii kwenye Juniper. Ukishanunua mwili, muuzaji wa viungo ni mmoja, na bei anapanga yeye. Kwa hiyo mnunuzi anayelinganisha bei za miili peke yake kwenye zabuni analinganisha sehemu ndogo ya gharama atakayoibeba.

Cisco wenyewe waliwazoesha wateja wao vizuri kwa zaidi ya miaka kumi. Kadi ndogo za WIC za enzi ya 2600 ziliendelea kukubaliwa, nyingi kati yao, kwenye sloti za HWIC zilizokuja na ruta za 1800, 2800 na 3800 mwaka 2004. Mwaka 2009 zikaja 1900, 2900 na 3900 zenye sloti za EHWIC, nazo zikaendelea kupokea HWIC. Mafundi wengi wa kizazi hicho walijifunza kazi wakiamini kwamba kadi ya zamani huhamia ruta mpya. Kisha ukaja mfululizo wa 4000 kuanzia mwaka 2013, wenye sloti za NIM, na mlango ukafungwa. Sababu ya kiufundi ipo. Sloti ya HWIC ilipitisha megabiti 400 kwa sekunde kila upande, EHWIC 800, na mfumo wa ndani wa ruta mpya ulijengwa upya kabisa. Hata hivyo aliyelipia mabadiliko hayo ni mteja.

Wengine nao wana mitego yao. Juniper walipohamia familia ya SRX300, kadi za Mini-PIM zilibaki na majina karibu yaleyale, ila mpya zina herufi R mwishoni. SRX-MP-1T1E1 ni ya ruta za zamani kama SRX240. SRX-MP-1T1E1-R ndiyo ya SRX320 na SRX340. Herufi moja kwenye ankara inaweza kukuletea kadi isiyotumika. Tena SRX300 yenyewe, iliyoipa familia nzima jina, haina sloti hata moja. Kwa Huawei kuna sloti za SIC, WSIC na XSIC; mbili ndogo zinaweza kuunganishwa kuwa moja pana kwa kuondoa reli ya katikati. Ni ubunifu mzuri, lakini ukiziunganisha umepoteza nafasi moja uliyoihesabu.

Ndiyo maana nashauri hesabu ianzie kwenye waya unaoingia ukutani, kabla ya katalogi ya muuzaji kufunguliwa. Swali la kwanza ni hili: mtoa huduma anakukabidhi nini?

Afrika Mashariki imelijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti. Kabla ya nyaya za baharini, ofisi yenye intaneti ya maana ilikuwa na modemu ya setilaiti au laini ya kukodi, na kati yake na ruta kulikuwa na kebo nene ya V.35. Kadi ya WIC-1T ilikuwa mali. Kebo zenyewe zilikuwa mtihani: WIC-1T ina kontakta pana ya pini 60, WIC-2T ina kontakta ndogo inayoitwa Smart Serial, na mtu aliyeagiza kebo ya moja kwa ajili ya nyingine alisubiri shehena ya pili. Kisha nyaya za baharini zikafika: SEACOM ikawashwa Julai 2009, TEAMS ikatua Mombasa mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Faiba ilipopanda kutoka pwani hadi mijini, mtoa huduma akaanza kukabidhi Etheneti: ama poti ya kawaida ya shaba kutoka kwenye kiboksi chake, ama uzi wa faiba wenyewe.

Badiliko hilo limeua sehemu kubwa ya biashara ya kadi, na wanunuzi wengi hawajalitambua. Ruta ya 4331 ina poti tatu za gigabiti tangu kiwandani. Tawi lenye laini moja ya faiba, laini moja ya akiba na swichi moja ndani limeshatosheka bila kununua kadi yoyote. Nimeona zabuni zikiagiza kadi za siriali kwa ofisi ambazo hazijawahi kuwa na laini ya siriali, kwa sababu tu orodha ya vifaa ilinakiliwa kutoka zabuni iliyopita.

Kwenye simu bado kadi zina kazi, na ndiko makosa ya bei kubwa hutokea. Laini ya E1, iliyo kiwango cha Afrika na Ulaya, hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde katika vipande 32 vya kilobiti 64. Marekani hutumia T1, megabiti 1.544, vipande 24. Kadi nyingi za sauti hufanya kazi zote mbili kwa amri moja ya fundi, lakini kadi za T1 pekee kama WIC-1DSU-T1 zimejaa kwenye soko la mtumba la Marekani, na hapa kwetu hazina pa kuchomekwa. Halafu kuna chipu za kuchakata sauti, PVDM. Kwenye 2911 zilikaa kwenye ubao mkuu wa ruta na kuhudumia kadi zote. Kwenye mfululizo wa 4000, simu zinazopita kwenye laini ya E1 zinahitaji PVDM4 iliyochomekwa juu ya kadi yenyewe ya NIM. Ile ya ubao mkuu ina kazi nyingine. Mnunuzi asiyejua hilo hupokea kadi ya E1 inayowasha taa ya kijani lakini haipitishi simu hata moja. Kama mtoa huduma wako wa simu anaweza kukupa laini za SIP juu ya faiba, mfikirie huyo kwanza.

Kadi za 4G zina tatizo la masafa. EHWIC-4G-LTE-V ilitengenezwa kwa ajili ya mtandao wa Verizon wa Marekani, A kwa AT&T, G kwa sehemu nyingine za dunia. Zote zinaingia kwenye sloti, zote zinatambuliwa na ruta, lakini kadi ya V ikifika Mwanza au Kisumu haitasikia mnara wowote wa 4G, kwa kuwa masafa yake siyo yanayotumika huku. Tena kadi ya redio ni kifaa cha mawasiliano kinachohitaji idhini ya aina ya kifaa kutoka TCRA nchini Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, jambo linaloweza kukwamisha mzigo bandarini. Kwa maoni yangu kadi ya 4G ndani ya ruta ni uwekezaji dhaifu. Ruta hukaa ndani ya raki ya chuma, katika chumba kisicho na dirisha, mahali pabaya kuliko pote kwa ajili ya ishara. Kiboksi cha 4G cha nje, chenye poti ya Etheneti na kikiwekwa karibu na dirisha, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na kikiharibika hukigusi kitu kingine. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, nayo huingia ofisini kwa Etheneti.

Sasa tuje kwenye kile kipande kidogo kama kidole, SFP, ambacho huunganisha ruta na uzi wa faiba na leo hununuliwa sana. Umbo lake lilikubaliwa na watengenezaji kwa pamoja, kwa hiyo hapa, tofauti na kadi, viwanda vingi vinaweza kushindana. Na kweli vinashindana: SFP ya gigabiti moja ya kilomita 10 yenye nembo ya Cisco ilikaa miaka mingi kwenye orodha ya bei karibu na dola 1,000, huku yenye sifa zilezile kutoka kampuni nyingine ikipatikana kwa chini ya dola 20. Punguzo la muuzaji hushusha bei ya kwanza sana, lakini pengo hubaki. Kampuni za ruta, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zikinunua SFP kutoka viwanda maalumu vya vifaa vya mwanga, kisha kuzipa nembo. Tofauti mara nyingi iko kwenye kumbukumbu ndogo ndani ya SFP inayoitaja kampuni. Ruta huisoma, isipotambua jina, hufunga poti. Kwenye vifaa vingi vya Cisco ipo amri ya kuruhusu, «service unsupported-transceiver», na wauzaji wa kampuni za nje huandika kumbukumbu hiyo ili ifanane na ya kampuni uliyonayo.

Je, ni salama? Kwa laini ya tawi, ndiyo, ilimradi unanunua kwa muuzaji anayebadilisha iliyokufa na wewe una akiba mbili tatu kabatini. Kwa kiungo kikuu cha benki au cha hospitali, nunua yenye nembo kwa pande zote mbili, kwa sababu siku ya hitilafu mhandisi wa kampuni ataanza kwa kukuambia uchomoe isiyo yake.

Kosa kubwa zaidi kwenye SFP ni la aina ya nyuzi, na halihusiani na nembo. SX ya nanomita 850 ni ya faiba ya multimode ndani ya jengo, mita 550 kwa makadirio mazuri. LX ya 1310 ni ya singlemode, kilomita 10. ZX ya 1550 hufika kama kilomita 70, na ukiiweka kwenye kiungo cha mita 200 bila kipunguza mwanga inaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili. Zile za uzi mmoja huenda kwa jozi: moja hutuma kwa 1310 na kupokea kwa 1490, mwenzake kinyume chake. Ukinunua mbili za aina moja, kila upande utatuma na hakuna atakayesikia. Uliza pia rangi ya kichwa cha kebo. Bluu na kijani havipaswi kuunganishwa, kwa kuwa cha kijani kimekatwa mshazari.

Mahali penye pengo kubwa la bei, feki hufuata. Februari 2008 serikali ya Marekani ilitangaza ukamataji zaidi ya 400 wa vifaa bandia vya Cisco vyenye thamani ya rejareja ya zaidi ya dola milioni 76, na kadi ndogo za WIC zilikuwa miongoni mwa zilizoigwa sana. Mei 2024 mkurugenzi wa kundi la kampuni zilizouza vifaa vya aina hiyo kutoka Florida alihukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Kati ya vilivyouzwa vilikuwemo vya zamani vilivyorekebishwa ili vionekane vipya, na vilifika hadi hospitali, shule na jeshi. Mtumba halali upo na ninauheshimu. Unaziwezesha kampuni ndogo za intaneti kuishi. Lakini fungua kadi, linganisha namba ya siriali iliyobandikwa na ile inayoonekana kwa amri ya «show inventory», na ukikuta hazilingani rudisha mzigo siku hiyohiyo.

Leseni ni kadi isiyoonekana. 4331 huja ikipitisha megabiti 100 kwa sekunde. Kufika 300 unalipia leseni. Unaweza kujaza sloti zote kadi za gigabiti na mwendo usipande. Kadi pia inaweza kuhitaji toleo jipya la programu, na toleo jipya hupatikana kwa mwenye mkataba wa huduma. Msaada wa mfululizo wa 2900 ulifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2022, kwa hiyo kila kadi ya EHWIC unayonunua leo unaifunga kwenye mwili usiopokea tena viraka vya usalama.

Kampuni ndogo za intaneti za mikoani zimeshachagua njia yake: MikroTik kutoka Latvia, ruta zenye poti zilizokwisha kupangwa na matundu ya SFP, bila sloti za kadi. CCR2004 yenye poti 16 za gigabiti na mbili za gigabiti 10 hutangazwa kwa chini ya dola 500. Haina laini za E1 wala kadi za sauti, na ofisi nyingi hazizihitaji.

Afisa manunuzi, kabla hujasaini, mwombe muuzaji aandike kwenye ankara mambo manne: namba kamili ya kadi hadi herufi ya mwisho, namba ya ruta itakamofungwa, toleo la programu ambalo kadi hiyo inalihitaji, na ahadi kwamba kadi ikikataa kufanya kazi kwenye ruta hiyo ataichukua na kurudisha fedha. Anayejua bidhaa yake ataandika bila kusita.