Kadi na nidhamu katika mchezo wa vitara

Kadi katika mchezo wa vitara ni ishara anazotumia refa kumwadhibu mchezaji aliyevunja kanuni au kukosa uungwana. Kanuni hizo hutungwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo (FIE), lililoanzishwa Paris mwaka 1913. Kadi ya njano ni onyo, nyekundu humpa mpinzani pointi moja, na nyeusi humtoa mchezaji mashindanoni.

Aliyezoea mpira wa miguu asichanganyikiwe: hapa nyekundu haimtoi mtu uwanjani. Hata hivyo si adhabu ndogo. Mapambano ya mtoano huchezwa hadi pointi 15. Matokeo yakiwa 14–14, kadi nyekundu moja humaliza pambano bila upanga kumgusa mtu.

Makosa madogo ni kama kumgeuzia mpinzani mgongo, kuvua barakoa ya waya kabla refa hajasimamisha mchezo, au kuchelewesha pambano. Kosa la kwanza ni njano. Linalofuata katika kundi hilohilo, hata likiwa la aina nyingine, ni nyekundu. Kumpiga mpinzani kwa kishikio cha upanga ni nyekundu papo hapo. Kuvuruga utulivu uwanjani ni nyekundu, na likirudiwa ni nyeusi.

Ugumu wa kazi ya refa uko kwenye tabia. Mgongo uliogeuzwa unaonekana wazi; dharau haionekani hivyo. Mchezaji akipiga kelele ya furaha baada ya kupata pointi, ni jambo la kawaida, lakini akimpigia kelele hizo mpinzani usoni, refa hana budi kupima. Vivyo hivyo kwa malalamiko. Mchezaji anaruhusiwa kuuliza kwa adabu jinsi kanuni ilivyotumika, ila hawezi kukata rufaa juu ya kile refa alichokiona kwa macho yake.

Kanuni yenyewe nayo iliwahi kuleta mzozo. Tarehe 27 Julai 2023, katika mashindano ya dunia mjini Milano, Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Mrusi Anna Smirnova 15–7. Nchi zao zilikuwa vitani. Kharlan alinyosha upanga wake badala ya mkono. Smirnova alikataa kuondoka uwanjani kwa zaidi ya nusu saa. Wakati huo kupeana mikono kulikuwa lazima, na Kharlan akapewa kadi nyeusi. Kwa maandishi ya kanuni, adhabu ilikuwa sahihi. Wengi waliona haikuwa ya haki. Siku iliyofuata aliruhusiwa kushiriki mashindano ya timu, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamhakikishia nafasi katika michezo ya Paris 2024, ambako alipata shaba binafsi na dhahabu ya timu.

Baadaye FIE ilifanya kupeana mikono kuwa hiari. Kumsalimu mpinzani kwa kuinua upanga kumebaki kuwa lazima, na anayekataa hupewa kadi nyeusi.