Futi Kamba ya Peter Garlake, Kutoka Kilwa Hadi Zimbabwe Kuu

Mchoro ninaouheshimu kuliko yote niliyowahi kuitandaza mezani ni ramani ya Husuni Kubwa. Riziki yangu ni kuchora ramani za nyumba za watu, kwa hiyo najua kutofautisha mstari uliotolewa jasho na mstari wa kubahatisha. Jengo lenyewe liko juu ya genge la bahari, mashariki ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Ni la mwanzoni mwa karne ya 14, na mwenyewe alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331. Ukifika leo unakuta kuta zilizokatika, vifusi na mizizi ya miti iliyopenya kwenye chokaa. Ukiwa na ramani mkononi, unalielewa jengo: vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, ua mkubwa wa upande wa kusini uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa vilikuwa maghala, na ngazi ya kuteremkia baharini.

Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyefukua vifusi. Peter Garlake ndiye aliyepima na kuchora.

Jina la Chittick wengi waliosoma historia shuleni wamelisikia. La Garlake halitajwi sana, na hilo linanisikitisha, maana sijui mtu mwingine wa kizazi chake aliyeyatazama majengo yetu ya kale kwa subira kama yake. Alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akasomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha mji huo huo. Angeweza kufungua ofisi akajenga majumba ya matajiri. Badala yake akageukia majengo ambayo wenyewe walishakufa. Kati ya 1962 na 1964 alikuwa pwani ya Afrika Mashariki, akifanya utafiti chini ya taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia, iliyoanzia Dar es Salaam kabla ya kuhamia Nairobi. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, Kenya na Zanzibar zikaupata mwaka 1963. Watu walikuwa na shauku ya kujenga mapya. Yeye akawa anaingia vichakani na kwenye mikoko kutafuta misikiti iliyoachwa.

Kazi ya namna hiyo inafanywaje? Fundi wa kawaida akipewa kiwanja hupiga mraba, akavuta kamba, mambo yakaenda. Kwenye gofu la kale hakuna mraba. Chumba unachokiona kama boksi, ukikipima unakuta ukuta mmoja umepinda na pembe moja imefumbata. Kwa hiyo hupimi pande nne tu. Unapima pia kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, mara mbili. Ukirudi mezani unachukua bikari, unazungusha urefu huu na ule, na mahali mistari inapokatana ndipo pembe ilipo kweli. Unafanya hivyo kwa kila chumba, kisha kwa kila mlango, kila kidaka, kila ngazi. Ukuta uliosimama unaujaza wino. Ukuta unaoukisia kwa kufuata msingi unauchora kwa mstari wa kukatikakatika, ili atakayekuja baada yako ajue umeona nini na umedhani nini. Kwangu mimi, uaminifu wote wa kazi hii umo katika tofauti ya mistari hiyo miwili.

Garlake aliyakusanya matokeo katika kitabu kilichotoka mwaka 1966, The Early Islamic Architecture of the East African Coast. Ni kitabu cha maneno, lakini zaidi ni ghala la michoro: ramani za misikiti, za nyumba na za makasri, sura za mihrabu zilizochorwa kwa mbele, na mikato inayoonyesha unene wa ukuta na umbo la tao.

Mihrabu ndizo zilizomvuta kuliko kitu kingine, na sababu yake inaeleweka. Ukuta wa kawaida wa pwani umejengwa kwa mwamba wa matumbawe ya nchi kavu, mawe yasiyo na umbo, yanayoshikwa na chokaa na kupigwa plasta. Hauwezi kukuambia mengi kuhusu umri wake. Lakini kwenye mihrabu na kwenye fremu za milango, mafundi walitumia jiwe jingine, matumbawe yanayotolewa baharini yangali hai. Jiwe hilo likitoka majini ni laini, linachongeka vizuri, na likishakauka linakuwa gumu na kushika kila ukingo wa nakshi. Hapo fundi alionyesha ufundi wake, na hapo mitindo ilibadilika kizazi hadi kizazi: tao lililochongoka, fremu moja ndani ya nyingine, mistari iliyochongwa kama kamba ya kusokotwa. Garlake alizipanga mihrabu kwa mitindo, akaanza kueleza ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Njia hiyo ilimpa msomaji ufunguo wa kuingia hata kwenye msikiti usio na tarehe. Ule wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mingi haina bahati hiyo.

Jambo jingine ambalo ramani hizo zinafundisha ni upana wa vyumba. Nyumba za mawe za pwani, hata za wakubwa, zina vyumba virefu na vyembamba. Upana ni mita mbili na nusu, tatu hivi. Anayefanya kazi ya ujenzi anajua mara moja kwa nini: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Mti uliokatwa kwenye delta ya Rufiji au visiwani Lamu ndio ulioamua mtu alale kwenye chumba cha ukubwa gani.

Sitaki kumfanya Garlake mtume. Jina la kitabu chake cha 1966 linayaita majengo haya kwa dini yao, na wakati ule wataalamu wengi walikuwa wakitazama Uarabuni na Uajemi kila walipotafuta asili ya kitu cha pwani. Pia alipima kilichokuwa juu ya ardhi. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta misikiti juu ya misikiti, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Hiyo isingeonekana kwa futi kamba. Lakini michoro ya Garlake haikufa kwa ugunduzi huo. Maelezo ya mtu hupitwa na wakati. Vipimo vikiwa sahihi, vinabaki kuwa vya kazi.

Na vipimo hivyo ndivyo ninavyoamini vilimsaidia katika vita vilivyokuja baadaye.

Mwaka 1964 aliondoka pwani kwenda Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kuwa mkaguzi mwandamizi wa majengo ya kale. Mwaka uliofuata serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake. Katika eneo la kazi la Garlake kulikuwa na Zimbabwe Kuu, mji wa mawe ambao boma lake kubwa lina ukuta wa mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pa juu kabisa unafika mita 11. Hakuna chokaa wala udongo kati ya mawe yake. Tangu Mjerumani Karl Mauch alipofika hapo mwaka 1871, Wazungu wengi walisisitiza kwamba mji ule umejengwa na Wafoinike, na Malkia wa Saba, na Waarabu, na yeyote yule mradi asiwe Mwafrika. Wanaakiolojia walishakataa. David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akathibitisha baada ya kuchimba mwaka 1929. Serikali ya Smith haikutaka kusikia. Kukubali kwamba Waafrika walijenga mji ule kulimaanisha kukubali kwamba wanaweza kutawala nchi.

Sasa mweke hapo mtu aliyetoka kupima Kilwa chumba kwa chumba. Anajua wajenzi wa pwani walivyofanya kazi: chokaa, pembe za mraba, matao, dari bapa la boriti. Anatazama Zimbabwe Kuu. Mawe ni ya granite, ambayo milima ya huko huyabambua yenyewe kwa matabaka kutokana na joto na baridi. Yamepangwa bila chokaa. Kuta zinakwenda kwa mikunjo, hazina pembe, na hazikubeba paa lolote. Zilizunguka na kuunganisha nyumba za udongo zenye mapaa ya nyasi, nyumba ambazo Waafrika wa eneo lile walijua kuzijenga tangu zamani. Hakuna fundi wa Kilwa wala wa Uarabuni ambaye angejenga hivyo.

Lakini Kilwa ilikuwepo Zimbabwe Kuu kwa njia nyingine. Dhahabu ya nchi ile ilishuka hadi Sofala, na kutoka Sofala ikapita mikononi mwa Kilwa. Ndiyo iliyolipia Husuni Kubwa. Vilivyopanda kwenda bara vilikuwa shanga, nguo na vyombo vya kauri vya China na Uajemi. Garlake aliandika makala mwaka 1968 akionyesha jinsi vigae hivyo vya kigeni vinavyosaidia kupata umri wa magofu ya bara, maana vigae vya namna hiyo vilishapatikana pwani kwenye matabaka yanayojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaokotwa Zimbabwe Kuu sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Sultani wa birika la pembe nane, jina lake limekutwa ndani kabisa ya bara la kusini.

Katika bunge la Rhodesia kukawa na malalamiko kwamba maelezo wanayopewa wageni yanaegemea upande wa Waafrika. Shinikizo likaja: vitabu vya kuongozea watalii visiseme waziwazi nani alijenga. Garlake alikataa. Mwaka 1970 aliacha kazi, akaondoka nchini. Alikuwa na miaka 36 na hakuwa na nchi ya kurudi kufanyia kazi. Wapo waliobaki wakanyamaza, na ninaelewa kwamba watu wana watoto wa kulisha. Hata hivyo namtukuza aliyeondoka.

Alikwenda Nigeria, katika Chuo Kikuu cha Ife, akachimba katika mji huo wa kale wa Wayoruba na kufukua sakafu zilizotandikwa vigae vya vyungu vilivyosimamishwa kwa ubavu. Mwaka 1973 akatoa kitabu chake Great Zimbabwe, kinachotegemewa hadi leo. Akafundisha London. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, alikwenda kuchimba Manyikeni, boma la mawe la jadi ile ile ya Zimbabwe Kuu, lililo karibu zaidi na pwani. Zimbabwe nayo ikapata uhuru mwaka 1980, na mwaka uliofuata akarudi. Miaka yake ya mwisho aliitoa kwa michoro ya miambani, akiinakili mstari kwa mstari kama alivyozipima mihrabu. Alifariki Harare mwezi Desemba mwaka 2011.

Kitabu chake kikubwa cha mwisho, cha mwaka 2002, kinahusu sanaa na usanifu wa kale wa Afrika, na pwani yetu ina sura yake humo, pamoja na Aksum, Nubia, Ife na Zimbabwe Kuu. Kilwa imewekwa mahali pake.

Kazi kama yake bado inahitajika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Mji Mkongwe, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jumba lile ni mashuhuri, lina picha na vipimo vya kusaidia kulisimamisha tena. Misikiti midogo ya vijijini haina. Kamati inakusanya michango, inataka msikiti mpana wenye vigae na feni, na ukuta wa mihrabu wa miaka 400 unavunjwa kwa siku moja bila mtu hata mmoja kuuandika. Siwalaumu waumini kwa kutaka nafasi ya kusalia. Ninacholilia ni hiyo siku moja.

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Nairobi: likizo ijayo mkiwa kwenu Kilwa, Pangani, Mafia, Lamu au Pemba, chukueni futi kamba, bikari na daftari. Ninyi wazee wa kamati, kabla nyundo haijapigwa, waiteni vijana hao. Pimeni pande zote na mshazari, pigeni picha ya kila nakshi, andikeni tarehe, jina la mahali na jina la aliyepima. Nakala moja ibaki msikitini, nyingine ipelekwe kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu.