Kijioo Juu ya Bastola: Nukta Nyekundu Hufanya Nini, na Kwa Nini Kusawazishwa Kwake Kunamhusu Mwananchi wa Mpakani

Wananchi wanaoishi Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe na katika miji mingine ya mipakani mwa Uganda huziona silaha za walinzi wa usalama kwa karibu kuliko raia walio wengi. Huziona kwenye foleni za malori, kwenye vizuizi vya barabarani, kwenye milango ya mabenki na katika masoko ambayo wanunuzi wake hutoka nchi mbili. Ni jambo la kawaida, basi, kwamba wao ndio huwa wa kwanza kutambua silaha inapobadilika sura. Baadhi ya bastola za siku hizi, ziwe za walinzi wa usalama au za raia wenye vyeti, hubeba juu yake kijioo kidogo chenye fremu ya chuma, kisichozidi sana ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Makala haya yanaeleza kijioo hicho ni kitu gani, hufungwaje, husawazishwaje, na kwa nini kusawazishwa huko ni jambo la usalama wa jamii nzima wala si la mwenye silaha peke yake.

Nukta haimgusi mtu

Kijioo hicho ni kilengeo, yaani kifaa cha kumsaidia mshika bastola kujua risasi itakwenda wapi. Ndani yake mna taa ndogo sana inayotumia betri ya duara kama ile ya saa. Taa hiyo hutupa mwanga wake nyuma ya kioo kilichopakwa utando maalumu. Utando huo huurudisha mwanga mwekundu kwenye jicho la mshika bastola, lakini huiacha mianga mingine ipite. Kwa hiyo anayetazama kupitia kijioo huona kila kitu kilicho mbele yake, na juu ya vitu hivyo huona nukta moja nyekundu, kana kwamba inaelea hewani mbali na silaha.

Hapa pana dhana moja inayopaswa kurekebishwa. Watu wengi hudhani kwamba nukta hiyo hurushwa kutoka kwenye bastola na kutua mwilini mwa mtu. Sivyo. Kifaa kinachorusha mwanga hadi kwa mlengwa ni leza, nacho ni kifaa kingine kabisa. Nukta ya kijioo huonekana na mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeishika bastola. Anayesimama mbele ya silaha haioni nukta hiyo kifuani pake, na kutokuiona si ushahidi kwamba hakulengwa. Kwa upande mwingine, mtu anayeona alama nyekundu ikitembea ukutani au mwilini mwake usiku ameona leza, na mara nyingi leza hizo ni tochi za kuchezea zinazouzwa sokoni. Wazazi wawakanye watoto wasiwamulike nazo madereva wa malori wala askari walio kazini, kwa maana mwanga huo hudhuru macho, na gizani huweza kueleweka vibaya kukawa chanzo cha msiba.

Wazo lenyewe si geni. Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota mjini Dublin, alilisajili mwaka 1900. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa ndege za kivita walilenga kwa vioo vya namna hiyo. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo cha nukta kinachotumia umeme kwa ajili ya bunduki. Kilichochukua muda mrefu ni kukifanya kifaa hicho kiwe kidogo cha kutosha kukaa juu ya bastola, na kiwe imara cha kutosha kustahimili mshtuko wa kila risasi.

Faida yake kwa raia

Bastola ya kawaida ina alama mbili za chuma, moja nyuma na nyingine mbele. Mlengaji hutakiwa kuzipanga alama hizo katika mstari mmoja na kile anacholenga. Hivyo ni vitu vitatu vilivyo katika masafa matatu tofauti, na jicho la binadamu haliwezi kuvitazama vyote kwa uwazi uleule. Mafunzo ya zamani yalimtaka mlengaji akazie jicho alama ya mbele, na yule aliye mbele yake aonekane kwa ukungu.

Kwa kilengeo cha nukta mlengaji huacha macho yote mawili wazi na kumtazama mtu mwenyewe. Hapo ndipo palipo na faida kwa raia. Anayeutazama mkono wa mtu badala ya kipande cha chuma ana nafasi bora ya kutambua kwamba kilichoshikwa ni simu wala si kisu, au kwamba mtu amekwisha kuinua mikono. Hata hivyo nukta haiamui lolote. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka askari ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi, na atumie silaha dhidi ya mtu pale tu maisha yanapokuwa hatarini na njia nyingine hazitoshi. Hakuna kioo kinachopunguza wajibu huo.

Namna kinavyofungwa

Kilengeo hufungwa juu ya slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kwa kasi kila risasi inapotoka na kurejea mahali pake. Ziko bastola zinazotoka kiwandani zikiwa na nafasi iliyokwisha kuchongwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Glock, kwa mfano, ilianza kuuza bastola za namna hiyo mwaka 2015. Nyingine hulazimu kuchongwa kwa mashine na fundi wa silaha mwenye leseni.

Kazi huanza kwa kuhakikisha kwamba bastola ni tupu. Magazini hutolewa, chemba hufunguliwa na kutazamwa kwa macho, kisha hupapaswa kwa kidole. Risasi zote huondolewa katika chumba cha kazi. Baada ya hapo nyuso mbili zitakazokutana hufutwa mafuta na vumbi, kilengeo hukalishwa, na skrubu hukazwa kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu ileile aliyoiandika mtengenezaji. Skrubu iliyolegea huachia baada ya risasi chache, nayo iliyokazwa kupita kiasi huweza kukatika. Skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa huweza kugusa vyuma vya ndani na kuizuia bastola kufanya kazi. Mwishoni fundi huchora mstari mwembamba wa rangi unaopita juu ya kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Siku mstari huo utakapoonekana umekatika, mwenye silaha atajua kwamba skrubu imezunguka.

Alama za chuma za zamani hazipaswi kutupwa. Betri huisha, na kioo huweza kufunikwa na matope au mvua. Mtu aliyezoea nukta peke yake hubaki bila mwelekeo saa anayouhitaji zaidi.

Namna kinavyosawazishwa

Kufunga kilengeo si mwisho wa kazi. Jicho hutazama kupitia kijioo kilicho sentimita mbili hivi juu ya mtutu, ilhali risasi hutoka mtutuni. Njia hizo mbili hazina budi kukutanishwa mahali palipochaguliwa, na kwa bastola nyingi mahali hapo huwa kati ya mita 10 na mita 25. Kwa sababu hiyo, hata kilengeo kilichosawazishwa vizuri kitaonyesha risasi ikipiga chini kidogo ya nukta katika masafa ya mita mbili au tatu.

Kipimo kinachotumika ni sehemu ya pembe. Duara lina nyuzi 360, na kila nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60. Dakika moja ya pembe ni sawa na milimita 7 hivi katika mita 25, na karibu sentimita 3 katika mita 100. Vilengeo vingi vina skrubu mbili ndogo, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, na kila mlio mmoja mdogo wa skrubu hiyo husogeza mahali pa kulenga kwa dakika moja.

Tuseme mlengaji yuko kwenye uwanja wa shabaha, ameegemeza mikono juu ya gunia la mchanga, na mbele yake mna karatasi katika mita 25. Anapiga risasi tano kwa utulivu, akilenga mahali pamoja. Matundu matano yanakusanyika pamoja, lakini kundi lote liko sentimita 7 kushoto. Sentimita 7 ni milimita 70, na kila mlio ni milimita 7. Basi skrubu itazungushwa milio 10 kwa upande wa kulia, kisha zitapigwa risasi nyingine tano kuthibitisha. Hukumu hutolewa kwa kundi la matundu, si kwa tundu moja, kwa sababu risasi moja huweza kupotoshwa na mkono uliotetemeka. Na kama matundu yametawanyika kila upande, ilhali kilengeo kimekazwa sawasawa, mara nyingi kilengeo hakina kosa. Mlengaji ndiye anayehitaji mafunzo zaidi.

Risasi za kusawazishia ziwe za aina ileile itakayobebwa kazini, kwani risasi za uzito tofauti hazipigi mahali pamoja. Kazi ikikamilika huandikwa daftarini namba ya bastola, tarehe, aina ya risasi, masafa, na idadi ya risasi zilizotumika. Kilengeo hupimwa upya kila kinapofunguliwa, bastola inapoanguka, au aina ya risasi inapobadilishwa. Ziko aina ambazo betri yake hukaa upande wa chini, hivyo kubadilisha betri hulazimu kukifungua kilengeo chenyewe na kukipima tena.

Kwa nini si kichakani

Baadhi ya wamiliki huona kwamba kwenda uwanja wa shabaha ni gharama, wakaenda kupimia silaha shambani, machimboni au ng'ambo ya mto. Katika maeneo ya mpakani jambo hili lina hatari tatu.

Ya kwanza ni risasi yenyewe. Risasi ya bastola ya milimita 9 inayopigwa hewani huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Huko Busia na Mutukula nyumba za nchi mbili zimekaribiana, na risasi haina macho ya kutambua mpaka. Uwanja wa shabaha una tuta refu la udongo la kuzipokea risasi, lakini kichaka hakina.

Ya pili ni kosa linalokua. Kilengeo kilichopotoka kwa sentimita 7 katika mita 25 kitapotoka kwa sentimita 14 katika mita 50, na kwa sentimita 28 katika mita 100. Kipimo hicho cha mwisho ni zaidi ya upana wa kichwa cha mtu mzima. Mwenye silaha ataona nukta iko juu ya jambazi, nayo risasi imfikie mchuuzi aliyesimama pembeni. Nukta isiyosawazishwa ni ya hatari kuliko kutokuwa na nukta kabisa, kwa kuwa humpa mtu uhakika usio wa kweli.

Ya tatu ni hofu. Watu wa mipakani wamewahi kuyakimbia makazi yao kwa sababu ya mlio wa bunduki. Milio mitano ya mtu anayejaribu kilengeo chake haina tofauti masikioni mwa mama aliye na watoto na milio ya uvamizi. Vikosi vya pande zote mbili za mpaka navyo hulazimika kutoka, na uwezekano wa kutoelewana huongezeka.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 asimkabidhi bastola yake fundi wa vyuma wa mtaani, hata kama fundi huyo ni hodari wa kazi nyingine. Atumie fundi mwenye leseni, na aulize kituo cha polisi kuhusu uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Akumbuke pia kwamba cheti cha nchi moja si ruhusa ya kuvuka na silaha hadi nchi ya pili. Nchi za ukanda wetu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kuzuia silaha ndogondogo zisizagae kati yao, na Uganda imo.

Mwananchi anayesikia milio inayorudiwa mahali pasipo uwanja wa shabaha asiende kutazama. Awaingize watoto ndani, kisha apige simu 999 au 112, au amwarifu mwenyekiti wa LC1 au ofisa wa uhusiano wa jamii aliye karibu. Aeleze mahali, saa, na idadi ya milio aliyoisikia. Anayeokota bastola, iwe na kijioo au isiwe nacho, asiiguse wala asitazame kupitia kioo chake ili kuona kama nukta inawaka. Aweke mtu wa kuwazuia wengine wasikaribie, na polisi waitwe.

Mwananchi ana haki pia ya kumwuliza kamanda wa polisi wa wilaya, katika mikutano ya hadhara, jinsi silaha za askari wa eneo lake zinavyokaguliwa na jinsi askari wanavyofundishwa kuzitumia. Swali hilo si la ukosefu wa adabu. Silaha hizo zimewekwa kwa ajili ya kulinda maisha yake, na ni halali yake kujua kwamba zinapiga pale zinapolengwa.